Gauni Limerudi Mara ya Tatu

Mama yangu kipenzi,

Hapa dukani hatujambo, na cherehani uliyoniachia bado inalia kama mbuzi. Yule mwalimu aliyekuwa akirudisha sketi kila wiki nimemweza. Nimebandika tangazo ukutani kwamba marekebisho ni mara mbili tu. Ya tatu, mteja aje mwenyewe apimwe. Alinuna, kisha akaja.

Sasa limerudi gauni lako, mara ya tatu, na kikaratasi: "Fundi, bado linapwaya." Nilicheka, halafu nikashika futi. Mama, kiuno nimeshakipunguza inchi tano. Mshono hauna kosa.

Sheria ni sheria, hata kwako. Gauni silirudishi. Njoo mwenyewe, tupite kwanza kwa daktari, nguo baadaye.

Mwanao, fundi wako