Kundi Likiwepo, Ni Moja Tu

Jumanne, Machi. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umefunika Mkumbi yote.

Leo nimekagua kahawa mstari kwa mstari. Chulebuni, ugonjwa wa kuozesha buni, imeingia. Matunda mabichi yana madoa meusi, mengine yamekauka tawini. Imeanzia upande wa shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Shamba lake halijaona dawa wala mkasi tangu kaka yake afariki.

Nimechoka kuwa mpole.

Kati yetu palikuwa na ngolo zangu, mashimo ninayolimia maharage na mahindi. Hapakuwa na kahawa hata moja, na matone ya mvua yasingeweza kurusha ugonjwa kuvuka upana ule. Baada ya matanga ukoo ulimgawia shemeji kipande kile, akazifukia, akachomeka miche ya kahawa ovyo bila kamba, popote jembe lilipoangukia. Nilipolalamika alinicheka mbele ya watu: "Shemeji, kwani kahawa zangu zina miguu zikufuate?"

Jioni hii Edna, binti wa kaka yangu anayesoma hisabati chuo kikuu, alitawanya maharage kwenye ungo bila kuyapanga, kila harage likiwa mti wa kahawa. Yaliyokaribiana kwa upana wa kidole tuliyahesabu kuwa yameshikana, yaani yanaweza kuambukizana. Mwanzo yalikuwa vikundi vidogo vidogo. Akaongeza, akaongeza tena, na ghafla kundi moja likavuka ungo mzima.

Nikamuuliza kama makundi makubwa hayawezi kuwa mawili, la shemeji na langu.

"Kwenye ungo yanaweza, shangazi, kwa bahati. Lakini kwenye uwanja usio na mwisho, hapana. Wanahisabati wamethibitisha kabisa: kundi lisilo na mwisho likiwepo, ni moja tu."

Shamba langu lina mwisho, naujua kwa miguu. Hata hivyo nayarudia maneno yale. Ukoo ulikaa, ukagawa, ukaweka jiwe la mpaka. Chulebuni haikualikwa kwenye kikao.

Siwezi kung'oa miche yake. Ukoo umesema ni yake.

Ninachoweza kukata ni changu. Mistari mitatu ya mpakani, pamoja na miti ambayo bado ni mizima. Mume wangu aliipanda kwa kamba, mimi nikiwa nimeshika ncha ya pili.

Je, pengo hilo litatosha? Edna hakujua, na hakunidanganya.

Panga nimeshanoa. Mvua ikikatika asubuhi, nitaanza na mti wa kwanza tuliopanda.