Jinsi Nilivyonyang'anywa Kipaza Sauti Munanila

Kasulu,
Mwishoni mwa Septemba, 2015

Dada yangu Zuhura,

Salaam aleikum, wewe na wote walioamka salama nyumbani kwetu Pangani. Mguu wa mama umepona, au bado anaukanda kwa mafuta ya nazi na kuwaambia watu umepona? Nijibu la kweli, si la kunifurahisha. Na wewe, presha imetulia? Mimi mzima. Nimekonda kidogo na viganja vimechubuka, na hivyo viganja ndiyo habari yenyewe. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ukianza kucheka husikii tena, nami hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Barua nimempa Athumani muuza vitenge, anakuja huko kuoa.

Nilikwambia kwamba mwaka huu wa uchaguzi mdogo wako amekuwa mtu mkubwa. Sikudanganya. Kibanda changu cha kutengeneza redio hapa sokoni Kasulu kilikuwa kinafungwa siku nyingi kuliko kufunguliwa, kwa sababu spika zangu mbili nilizifunga juu ya pikipiki nikawa mpiga debe wa Mwalimu Ntabaye. Huyu ni mwalimu mstaafu, mpole mpaka anakera, anagombea udiwani huko Munanila karibu na mpaka wa Burundi. Kuongea mbele ya watu hajui. Mimi, dada, unanijua. Niliishia darasa la tano lakini nimekula Mombasa, nimelala Bujumbura, na mdomo huu Mungu hakuniwekea kwa ajili ya kula tu. Nikipita na spika, mwenye jembe analitua, mwenye ndoo anaitua, wanacheka kwanza halafu wanasikiliza.

Ila mwenye watu hasa hakuwa mimi. Alikuwa Mama Skola. Ni mjane, makamo ya mama, mwembamba kama ufito, na ana kikundi chake cha wanawake ishirini wanaolimiana mashamba kwa zamu. Wale ndio walikuwa wanakwenda nyumba kwa nyumba kumsemea Mwalimu. Mama Skola akisema twendeni, wanakwenda. Mimi nilikuwa kelele, yeye alikuwa kazi. Wakati ule nisingekubali kuandika hivyo.

Sasa sikiliza kosa langu.

Baada ya watu kujiandikisha, majina yalibandikwa kwenye ukuta wa shule ili kila mtu akague lake. Na mwenye pingamizi, kwamba fulani si raia au amekufa, aliruhusiwa kuliandika. Kazi yangu ilikuwa kuwahimiza watu waende kukagua, nao walikuwa wazito, wako kwenye mnada wanachagua mbuzi. Nikamwona Mama Skola anapita. Nikaropoka kwenye kipaza sauti, "Hata huyu Mrundi wetu Mama Skola jina lake lipo ukutani, wewe Muha wa kuzaliwa unangoja nini?"

Mnada mzima ukacheka. Kwetu ingeishia hapo. Wewe si uliona kwenye msiba wa baba, yule mtani alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na sisi tukacheka huku tunalia? Nilidhani utani ni utani popote. Sikufikiri kwamba mpaka wenyewe uko pale pale mlimani, kwamba Kiha chao na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja, na kwamba mwaka huu wakimbizi wanaingia kwa maelfu kupitia Manyovu na kila mtu anamtazama jirani yake mara mbili. Mwaka juzi tu askari walimvusha mpaka jirani wa Mama Skola, godoro lake kichwani, wakisema si wa hapa. Alirudi baada ya miezi, shamba limeshaliwa na nyani.

Mama Skola hakucheka. Alinitazama, akahamisha kikapu mkono mwingine, akaenda zake.

Siku ya tatu pingamizi likaingia. Aliyeliandika ni Gervas, mwenye mashine ya kusaga, mtu wa upande wa pili. Aliandika kwamba Skolastika, ndiye Mama Skola, si raia, na shahidi wake ni mpiga debe wa upande wa Skolastika mwenyewe, aliyetangaza hadharani. Yaani mimi. Jina likifutwa, kura hana, na baada ya kura Uhamiaji wangekuja kumuuliza mengine.

Wale wanawake ishirini wakaacha kazi siku hiyo hiyo. Nilipokwenda kuwabembeleza, mmoja akaniambia, "Yewe Mpwani, leo Skola, kesho utamwita nani?" Nikazima spika, nikageuza pikipiki.

Shauri lilisikilizwa darasani, afisa wa uandikishaji amekaa kwenye meza ya mwalimu. Alikuwa mtu wa Iringa, mnyenyekevu, anaandika kila kitu polepole. Dirishani vichwa vimejaa. Mama Skola alivaa kitenge cha kanisani, cheti chake cha ubatizo amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Balozi wake wa nyumba kumi alikuwepo kumshuhudia. Afisa akakisoma cheti, akasema karatasi ni nzuri, lakini shahidi wa Gervas anatoka upande wa mama huyu mwenyewe, na hilo ni zito. Nikaitwa.

"Ulisema ni Mrundi?"

"Nilisema, mheshimiwa. Ulikuwa utani."

Gervas akadakia, "Hakuna utani. Huyu bwana miaka tisa yuko Kasulu, kila siku sokoni anajisifu anaota kwa Kiha. Alimsikia anavyoongea, akajua. Sasa anamficha."

Na kweli, dada, nilikuwa najisifu hivyo. Hata ninyi niliwaandikia kwamba Kiha nakiongea kuliko wenyewe, na najua mama amewatangazia majirani wote.

Afisa akaweka kalamu chini. "Kiha unakijua?"

Nikatazama dirishani. Wateja wangu wapo, wapiga debe wenzangu wapo, na wanawake wa kikundi wamesimama mstari wa mbele. Mwalimu Ntabaye anatazama viatu vyake. Ningesema nakijua, heshima yangu ingebaki na mama wa watu angevuliwa jina.

"Sikijui," nikasema. "Najua kusalimia na kununua ndizi."

"Na Kirundi?"

"Hicho hata ndizi sinunui."

"Bujumbura si huwa unasema uliishi?" Gervas akauliza.

"Nililala siku mbili. Nilikuwa naharisha."

Darasa likaangua kicheko mpaka afisa akagonga meza. Nikamwambia mheshimiwa, hawa wote wakiongea mimi nasikia wimbo mmoja, sijui wa huku wala wa ng'ambo. Niliropoka kwa sababu napenda kuchekewa. Kama kuna jina la kufuta kwenye jambo hili, basi lifutwe la Mrundi nililompa, siyo lake. Afisa akamuuliza Gervas kama ana ushahidi mwingine. Hakuwa nao. Balozi akasimama akaeleza mama huyu alizaliwa nyumba gani na kaburi la baba yake liko wapi. Pingamizi likatupwa.

Mama Skola akakunja cheti, akakitia kifuani, akanipita mlangoni kama anayepita gogo. Mwalimu Ntabaye, yule mpole, akanyoosha mkono. "Kipaza sauti nipe." Nikampa. Tangu siku hiyo anaongea mwenyewe, vibaya sana, lakini watu wanamsikiliza.

Nilirudi kwenye redio zangu, nikakaa wiki mbili. Watoto wa shule wakipita wananiuliza bei ya ndizi. Mvua ya kwanza ilipodondoka nikapanda pikipiki, bila spika, mpaka shambani kwa Mama Skola. Walikuwa wote ishirini kwenye mstari wanaandaa shamba la maharage. Nikasimama pembeni, nikaanza, "Mama, nimekuja..."

"Umekuja kuomba msamaha au kuomba kura?" akauliza, hajainua mgongo.

"Vyote viwili."

"Vyote viwili haviombwi umesimama kwenye majani. Shika jembe."

Huku ndivyo walivyo. Ukitaka neno na mtu msimu huu, lima naye mstari kwanza, ndipo mtaongea wote mmechoka sawasawa. Nimelima, Zuhura. Mimi niliyemkimbia baba kwa sababu ya jembe. Wanawake wakanicheka mstari mzima, na nilipofika mwisho wao walishamaliza wa pili. Mama Skola akanipa maji kwenye kibuyu, akasema kesho nije mapema zaidi.

Sasa ndiyo kazi yangu. Wamerudi kumsemea Mwalimu, nami nafuata nyuma nimebeba jembe, tunalima kwanza, kisha Mama Skola anaongea na mimi nanyamaza. Juzi tulifika kwa mzee mmoja, akanikazia macho akamuuliza mama, huyu naye wa wapi? Mama Skola akasema, "Huyu ni Mpwani wetu. Msimwekee pingamizi." Akacheka, mara ya kwanza tangu mnadani. Dada, nilijifanya jasho limeniingia machoni.

Kura bado, na kama Mwalimu atashinda sijui. Mama Skola kadi yake anaifunga kwenye pindo la kitenge na kuipapasa kila tukivuka mto.

Nisalimie shemeji, mwambie jembe lake la uani akiliona limepotea nitakuwa nimelifuata mimi. Wajomba zangu wa ng'ambo ya mto uwafikishie heri. Shangazi Mwanaidi mwambie bado sijaoa, asichoke kuuliza. Mama msomee yote, usiruke pale pa kuharisha. Na akitaka kuendelea kuwaambia majirani kwamba mwanawe anajua Kiha, mwambie angoje kidogo. Mama Skola ameanza kunifundisha. Ndizi tumezipita, tumefika kwenye maharage.

Mdogo wako mwenye malengelenge,
Bakari