Kengele ya Baiskeli

Nachingwea, Jumapili, 1952

Eti baiskeli ni majivuno! Asubuhi mwalimu wetu wa kanisa alinisimamisha mbele ya watu wote: nisipoiuza, nitatengwa na Meza ya Bwana. Nami nimeinunua kwa jasho langu, kwa kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu.

Baada ya ibada akaniita pembeni. "Mwanangu, kabla hujaiuza, nipeleke Marambo. Nina mahubiri huko."

Nikampakia nyuma. Kilimani nahema kama mbwa, yeye ananihubiria hatari ya mali. Tulipokaribia kijiji akanigusa bega.

"Piga kengele, wajue tumefika."

Kutengwa bado naogopa, sisemi uongo. Lakini Jumapili ijayo anahubiri Mtua, na Mtua kwa miguu ni mbali.