Shangazi amejishona kidole

Wewe! Shangazi amejishona kidole kwenye gauni lako la harusi. Amejishona, na hakusikia kitu!

Mimi ndiye niliyeona damu. Yeye anaendelea tu na cherehani.

Nikamkimbiza kwa daktari. Kumbe ni ile dawa yake ya saratani, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Inakamata vijiuzi ndani ya seli za saratani zisigawanyike. Lakini mishipa ya fahamu nayo inavitegemea vijiuzi hivyo, basi vidole vikafa ganzi.

Daktari anasema uvimbe wa saratani umepungua nusu! Ila dozi itapunguzwa.

Shangazi akauliza, “Damu imefika kwenye lesi?”

Tuliporudi akanikalisha kwenye cherehani. “Shona, mimi nakuangalia.”

Mkono wa kushoto wa gauni nimeushona mimi. Jumamosi usiunyanyue.