Vidole vya Baharini

Tanga, 9 Septemba 1934

Dada Tatu, shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinama mwambani. Mama hajambo? Na goti lake? Vuli imeonyesha dalili huko Mgwashi, au bado mnatazama mawingu?

Mama aliuliza ni kazi gani hii ya kuvua visivyolika. Basi Abdallah, yule muuza matunda wa Muheza, atamletea chupa. Ndani kuna tumbawe laini, kipande kilichokatika, bwana wangu, yule Mzungu ninayemkusanyia viumbe vya baharini, kanipa. Mwambie ni mnyama, si mti. Maji yakijaa, kila kidoa kwenye ngozi yake hufunguka kikawa mdomo wenye mikono minane, na vinywa hivyo ni mamia kwenye mwili mmoja. Humo ndani vinaishi vijimea visivyoonekana kwa macho, vinapika chakula kwa jua na kumgawia mwenye nyumba. Hana nyumba ya jiwe kama matumbawe mengine. Ana vijiba vidogo vya chokaa mwilini, kama miiba, na sumu. Samaki akimwonja hamrudii. Tumbawe la jiwe likifa, yeye hutandaa juu yake akamiliki. Bwana anasema ukoo wake ulikuwepo baharini kabla samaki hawajajulikana.

Mama amweke rafuni, awaringie majirani.

Mdogo wako,
Darweshi

Mgwashi, 14 Oktoba 1934

Mdogo wangu Darweshi,

Marahaba. Goti la mama halijambo, mengine yote yana jambo. Naandika kwa haraka, usome taratibu.

Mama alikusikiliza, akawaringia majirani. Halima wa nyumba ya pili akaona vidole vitano vyeupe vimesimama kwenye spiriti, akapiga kelele mpaka bondeni. Hivi hujui huku tunasikia nini kuhusu Tanga? Wanasema huko kuna mumiani, wanaonyonya damu za watu, na kwamba wewe ndiye unayewawindia. Na mvua haijanyesha hata tone, mbegu zinaungua ardhini. Sasa wazee wanasema mama anabana shi, anaiharibu nchi kwa vidole vya maiti ulivyomletea. Ijumaa tarehe 26 baraza litakaa. Likiona ni uchawi, mwenye kosa atafukuzwa milimani asirudi mpaka kufa. Anayetakiwa hasa ni wewe. Usije, vijana wanalinda njia.

Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, kwa hiyo unijibu kweli. Nilivitoa nikavigusa. Ni laini kama nyama. Darweshi, ni vidole vya mtu?

Naogopa.

Dada yako,
Tatu

Tanga, 19 Oktoba 1934

Dada, shikamoo. Nimesoma barua yako. Si vidole. Wallahi si vidole. Hata wewe, dada?

Bwana angeandika barua kwa wakubwa, lakini yuko Unguja na sijui atarudi lini. Fanya hivi barazani. Kata kimoja katikati mbele ya wazee, waone hakina mfupa wala kucha. Halafu kamulia limau pale shinani penye vijiba vingi. Ile chokaa itatoa povu. Mfupa wa mtu hautoi povu vile. Bwana hunionyesha hivyo kila mara. Huo ni ushahidi usio na ubishi.

Mwambie mama asiogope.

Mdogo wako,
Darweshi

Tanga, 22 Oktoba 1934

Dada, hata salamu sina. Usitie limau.

Nilimweleza Paskali, mwenzangu wa kazi, anatoka Magamba, milimani kwetu. Akaniuliza: "Na wewe ungekuwa mzee wa Mgwashi, ukaona kidole cha maiti kinatoa povu, ungesema nini?" Miaka minne ya pwani imenisahaulisha watu wangu.

Kata tu, uishie hapo. Nimempa barua hii mtu wa treni ya Mombo, nimemsihi aikimbize.

Darweshi

Mgwashi, 3 Novemba 1934

Ndugu yangu Darweshi,

Marahaba ya ile barua ya kwanza. Ya pili imefika jana.

Nilikata. Hapakuwa na mfupa, wazee wakatazamana, na hata Mzee Sheshe, mkali kuliko wote, akasema huenda ni kitu cha bahari kweli. Ningeishia hapo. Lakini ulisema ushahidi usio na ubishi, nikakamua limau. Povu likachemka, baraza zima likakimbia. Mimi niliyesoma barua yako niliogopa pia, sikufichi.

Waliporudi walirudi na mapanga, wakaanza kukuapiza kwa jina, kwamba ukikanyaga milima hii damu yako iko juu yako. Hapo mama akasimama. Akasema: "Mwanangu hajui kitu. Mimi ndiye niliyemwagiza vidole."

Nikamvuta kanga, nikamwambia mama, ni mnyama tu, barua imesema. Akanijibu kwa Kishambaa, polepole, ninyamaze, asije mwanawe akakosa kwao. Ndipo nikaelewa. Tangu siku Halima alipopiga kelele, mama hakuwahi kuniuliza kile ni kitu gani. Nilidhani anakuamini. Kumbe aliogopa jibu.

Jumapili tarishi wa jumbe alimteremsha. Yuko Muheza, kwa Mwanaidi, binti wa mama mkubwa, na haruhusiwi kupanda tena. Wewe umesafishwa jina. Unaweza kurudi nyumbani wakati wowote, hakuna atakayekugusa.

Pitia Muheza kwanza, umweleze kwa mdomo wako. Mimi nilimweleza njia nzima hadi tulipoachana. Alinijibu tu kwamba amekusamehe.

Dada yako,
Tatu