Jina Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Ni mimi babu yako Rajabu, mchoraji wa mtaa wa Jabe.

Mjukuu wangu Mariamu, huku tuko wazima, alhamdulillahi. Goti la bibi yako linamsumbua, lakini ulimi uko salama. Shangazi yako amejifungua, mtoto wa kike tena.

Umeuliza mbona kwenye picha niliyokutumia ubao wa tangazo ni mtupu, una jina langu tu.

Nilipokuwa kijana, mwenye bucha mmoja hapa Jabe alinipa kazi ya kumchorea ng'ombe mlangoni. Nikamchora mwenye pembe ndefu na jicho linalokutazama, kisha chini ya kwato nikaandika jina langu. Bwana yule akaja juu.

"Futa! We si muchoraji, we ni mupaka rangi tu. Mupaka rangi anaandikaka jina kwa mulango ya watu?"

"Apana, patroni. Nikifuta jina, na ng'ombe anaenda."

"Aende! Tuone utakula nini."

Waliokuwa wanangoja nyama wakacheka. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikamfuta ng'ombe kuanzia pembe mpaka mkia. Jina nikaliacha palepale mlangoni, nikaenda zangu bila malipo.

Mpaka leo wapo wanaoniita mpaka rangi. Waache waite. Tangu siku ile naanza na jina. Asiyelitaka aseme kabla sijachafua brashi. Ubao uliouona ni wa kinyozi wa Kamenge. Ameliona jina, amekubali, kesho namchorea vichwa vyake vya mitindo ya kunyoa.

Hapa chini sitii sahihi. Jina umeshalikuta juu.