Keekee ya Mzee Onodera

Furano, 6 Januari

Kwa Kaka Ryohei,

Shikamoo. Leo ni tarehe sita, na naahidi kukuambia kila kitu, hata yale ambayo Mama amesema nisiyaandike. Mwalimu Kasai ametufundisha kwamba barua huanza na hali ya hewa, basi: theluji inaanguka tangu juzi bila kupumzika, na ni laini hivi kwamba ukiipuliza kiganjani inaruka kama unga. Mguu unaendeleaje? Unalala vizuri? Sisi ni wazima. Bibi anakohoa, lakini hataki kuitwa mgonjwa.

Nimeandika barua kwa sababu simu zetu hupokei. Tangu uanguke kutoka paani ukiondoa theluji, Mama huwalipa watu waje kuiondoa, na kila wakipanda yeye huenda jikoni akafungulia bomba ili asisikie nyayo zao. Hilo ndilo alilonikataza kuandika.

Shida yangu ni skii za kutelezea. Zile za shule zimekuwa fupi, tena ni nyembamba na ngumu. Kwenye theluji laini zinazama pua kwanza, nami nafuata. Mama amekubali ninunue nyingine dukani kwa Mzee Onodera, lakini wewe ndiye uliyeahidi kwenda nami kuchagua. Bibi akajitolea. Alinisimamisha katikati ya duka, akaniinua mkono juu, akasema, "Skii ifike kwenye kifundo cha mkono. Ndivyo tulivyopimwa sisi."

"Mama, hizo zilikuwa za kuburutia magogo," Mzee Onodera akamwambia Bibi.

"Na gogo la kwanza nililoburuta lilikuwa wewe," Bibi akajibu.

Duka zima lilicheka. Mimi nilitazama mlangoni, kana kwamba ungeingia.

Nataka skii za kuchezea: za kuruka, kujizungusha, kushuka kinyumenyume kama wewe, na zisizozama. Nichague zipi?

Mdogo wako,
Mizuho


Sapporo, 15 Januari

Mizuho,

Marahaba. Sijambo, ila chakula cha hapa hospitalini hakina chumvi. Natembea kwa magongo hadi dirishani na kurudi. Unisamehe kuhusu simu. Kila anayepiga anauliza jambo lile lile. Wewe umeuliza habari za skii, ndiyo maana nimekujibu.

Sasa sikiliza, kichwa maji. Nyembamba acha. Zilizo pana kabisa acha pia. Kwa mwili wako huo mwembamba itakuwa kama kuburuta mlango. Tafuta za upana wa kati, zilizopinda juu mbele na nyuma. Zishike nchani uzikunje: ziwe laini puani na mkiani, na ngumu chini ya mguu. Ukizisimamisha zifike kwenye paji la uso, hata zikikupita kidogo si neno, kwa kuwa ncha zilizopinda hazigusi theluji na skii inakuwa fupi kuliko inavyoonekana. Kwa hiyo Bibi hakukosea sana. Usimwambie, hatutalala.

Na buti ikae karibu na katikati ya ubao, si nyuma kama zile za shule. Hapo ndipo kinyumenyume kinapowezekana. Mwombe Mzee akuazime jozi ujaribu kwanza. Kisha uniambie zilivyokuwa. Usiruke hata kitu kimoja.

Kaka yako


Furano, 28 Januari

Kwa Kaka Ryohei,

Shikamoo. Baridi ni kali na angani hakuna wingu. Natumaini unatembea mbali zaidi ya dirishani. Bibi amepona kikohozi na amerudi kugomba.

Kaka, nimejaribu! Mzee aliniazima jozi kama zako zile za kijani. Mwanzoni, kwa mazoea ya zile za shule, niliegemea nyuma, nikaanguka mbele ya rafiki yangu Chitose na dada zake. Kisha nikakumbuka neno lako, nikasimama katikati. Pua zilipanda juu ya theluji zenyewe. Sikuzama! Chini ya miti ya mibetula nilijizungusha, nikashuka kinyumenyume mpaka Chitose akapiga kelele, "Mizuho, umesahau nini huko juu?" Nilicheka hadi theluji ikaniingia mdomoni.

Lakini zile ni za kuazimisha tu, na Mzee anasema hazitengenezwi tena. Nyingine zote dukani nimezikunja. Ama ni ngumu kama ubao wa kukatia mboga, ama ni za watoto. Nifanyeje?

Mama amesema katikati ya Februari daktari atatazama picha za kifundo cha mguu wako, aseme kama kitavumilia tena buti ngumu. Bibi ameweka machungwa mbele ya picha ya marehemu Babu ili akuombee, yale matamu, na hataki niyaguse.

Mdogo wako,
Mizuho


Sapporo, 18 Februari

Mizuho,

Sijambo. Usihangaike kutafuta. Zangu ziko stoo, nyuma ya mapipa ya kabichi. Chukua. Zimekaa bure.

Kaka


Furano, 23 Februari

Kwa Kaka Ryohei,

Shikamoo. Leo theluji inayeyuka ukingoni mwa paa mchana na kuganda tena jioni. Hujambo kweli? Barua yako haikuwa na tusi hata moja.

Mama amerudi kutoka Sapporo kwa daktari wako. Tulipomuuliza habari za kifundo chako, alisema amechoka, akaanza kukata figili. Alikata nyingi mno. Tunazila mpaka leo.

Skii zako nilizipata. Niliruka uani nikizibeba, nikaenda nazo dukani. Mzee Onodera akaweka buti yangu kwenye vishikizo vilivyokazwa kwa parafujo ubaoni. Pakabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Akavisogeza mpaka mwisho wake, bado havikunifikia. Kisha akageuza ubao kwenye mwanga.

"Hizi zimeshatobolewa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza kwa mwenyewe wa kwanza, ya pili kwa kaka yako. Naweza kutoboa tena, lakini ndiyo mwisho, na matundu ya kaka yako itabidi niyazibe kwa gundi. Nikishatoboa yako, yake hayarudi."

Alikuwa ameshaishusha keekee yake ya kutobolea ukutani. Akanitazama, akairudisha msumarini. "Muulize mwenyewe kwanza."

Kaka, nazitaka sana skii hizi. Naziota. Lakini za kuazima ziko mpaka theluji iishe, na miguu yangu inakua bado. Bibi anasema katika ukoo wetu miguu haina adabu. Labda mwakani nitafika kwenye matundu yako bila kutoboa chochote, tukawa tunapokezana.

Sitakuuliza daktari alisema nini. Nakuuliza jambo moja tu, na tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza, kwa sababu Mzee anangoja.

Nimwambie atoboe?

Mdogo wako,
Mizuho